Mbwa mzee, Gombe na mwaka wa mwisho kazini

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Gungu hapa Kigoma. Desemba natimiza miaka 60 na kustaafu, kisha tunarudi nyumbani Heru Juu, Kasulu. Mimi na mama watoto tumekubaliana kwamba mwaka huu tutembee na familia sehemu ambazo miaka yote tumekuwa tukizisikia tu: Gombe, Ujiji, ufukwe wa Katonga, Mto Malagarasi tukalale kwenye hema, halafu treni hadi Tabora kwa shemeji yangu. Watoto, mmoja wao yuko kidato cha nne, wanang'ang'ania mbwa waende nasi. Simba ana miaka 11 na siku hizi akiamka anajivuta. Chui ana miaka miwili, nguvu zimemzidi. Tuna na paka mmoja. Je, wanaweza kwenda nasi kote huko? Na tukihama, tuwachukue au tuwaachie mpangaji? Kuna wanaoniambia Simba achomwe sindano apumzike.

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kuikaribia Desemba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Watu huwa wanasema mwaka mmoja wa mbwa ni saba ya binadamu, lakini hesabu hiyo haiko sawasawa. Inategemea ukubwa wa mbwa. Mbwa wetu hawa wa kawaida, wa umbo la kati, akifika miaka 11 ni kama mtu wa miaka sitini na kitu. Kwa hiyo wewe na Simba ni rika moja, na mnastaafu pamoja. Mpangilio wote wa mwaka wenu ningeujenga juu ya jambo hilo: safari anazoweza kwenda zitangulie, zile asizoweza zije baadaye. Wewe Septemba utakuwa bado una miguu yako. Yeye sina hakika.

Nianze na Gombe, maana najua ndiko watoto wanakotaka kwanza. Mbwa haendi Gombe. Wala Mahale, wala hifadhi yoyote ya taifa. Ni sheria, lakini usiwaambie watoto ni sheria ukaishia hapo. Waeleze sababu, wataielewa kuliko watu wazima wengi.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa ugonjwa ambao wengi hatukutegemea kuuona kwa simba. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa. Ilikadiriwa kwamba theluthi moja ya simba wa kule, kama elfu moja hivi, walikufa, na virusi vilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa wale hawakuingia kung'ata simba. Ugonjwa huu husafiri kwa chafya, kwa mate, kwa mzoga mmoja kuliwa na wawili. Sasa Gombe ni hifadhi ndogo mno, kipande cha milima na mabonde kilichobanwa kati ya ziwa na vijiji, na sokwe waliobaki ni kama mia moja tu. Serengeti ilipoteza theluthi na simba wakaongezeka tena. Sokwe jike anazaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano, sita. Hesabu hiyo mwache mwanao wa kidato cha nne aifanye mwenyewe.

Na usidhani mbwa pekee ndiye hatari. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, na miaka sita baadaye, mwaka 1966, sokwe aliokuwa akiwafuatilia walikumbwa na polio. Wengine walipooza mikono na miguu, wengine wakafa. Ule ulikuwa ugonjwa wetu sisi watu. Mafua yanayokupotezea wewe siku tatu za kazi yanaweza kumuua sokwe mtoto. Kwa hiyo siku ya kwenda, mtoto mwenye kikohozi abaki nyumbani, hata kama amesubiri mwaka mzima, hata kama analia. Mkifika mtaelekezwa kuvaa barakoa na kukaa mbali nao. Fuateni bila kubishana na mwongoza njia. Na kabla hamjalipia boti pale Kibirizi, ulizeni hifadhi umri wa chini wa kuwafuata sokwe, kwa sababu watoto wadogo hawaruhusiwi. Nimeona babu mmoja akirudishwa pamoja na mjukuu wake, na ilikuwa huzuni kubwa.

Gombe iwekeni Julai hadi Septemba. Njia zimekauka, mnatembea bila kuteleza. Upepo wa kusini huvuma sana miezi hiyo na ziwa huchafuka, basi ondokeni alfajiri na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Safari si ndefu, ni kilometa 16 tu kaskazini ya mji, ila Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na haichagui nani anajua kuogelea.

Tuje kwenye safari ambazo Simba yumo.

Katonga ni yake. Mpeleke Januari, Februari, mvua ikipumzika. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu mwe mmerudi, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe. Anapoza mwili kwa kuhema, na mbwa mzee akizidiwa na joto hakupi muda wa kutafuta usafiri. Kuogelea maji ya kina kifupi ni zoezi zuri kuliko yote kwa mbwa mwenye viungo vibovu: maji yanambeba, nyonga haziumii. Epuka sehemu zenye majani mengi na mawe makubwa ukingoni. Ziwa letu lina swila wa majini, nyoka mwenye sumu anayekula samaki na kujificha kwenye mawe hayo. Mara nyingi hukimbia akimwona mtu, lakini Chui, kwa unavyomweleza, atamfukuza. Sehemu hizohizo zenye majani ndizo zenye konokono wa kichocho, kwa hiyo hata watoto wasikae huko. Na pale dagaa wanapoanikwa mchangani, mfunge mbwa kamba. Ile ni mali ya mtu na ni chakula cha watu, na mbwa mmoja akipita juu ya turubai la dagaa mnaweza kugombana na ukoo mzima.

Ujiji pia anaweza kwenda, matembezi mafupi ya jioni. Mimi naishi Ujiji, basi niseme kwa niaba ya majirani zangu: wengi wetu hapa ni Waislamu, na mate ya mbwa yakimgusa mtu anayekwenda msikitini yanampa kazi ya kujitwaharisha upya. Mshike karibu, msipite njia za msikitini saa za swala, na mtu akikwambia mwondoe, mwondoe kwa uso mzuri. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone mmoja wenu abaki nje na mbwa kivulini, wengine waingie, halafu mpokezane. Watoto wakisimuliwa habari za Stanley na Livingstone kukutana mwaka 1871, waambie na habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley, na ambaye miaka miwili baadaye, pamoja na mwenzake aliyeitwa Chuma na wengine, walimbeba marehemu Livingstone kwa miguu hadi pwani. Hayo hayasemwi vya kutosha.

Malagarasi ndiko kunakonipa wasiwasi, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Ni mto mzuri. Eneo lake oevu, Malagarasi na Muyovozi, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya maeneo oevu, mwaka 2000, likiwa la kwanza Tanzania. Lakini misitu ya miombo ya kuanzia Uvinza kuelekea Tabora ina mbung'o, na mbung'o anaeneza nagana kwa wanyama na malale kwa watu. Wengi wanajua nagana ni ya ng'ombe. Mbwa anaugua vibaya kuliko ng'ombe. Homa inapanda, anakonda, ufizi unakuwa mweupe, na dalili ambayo mwenye mbwa huiona kwanza ni jicho: linafunikwa na ukungu mweupe kama limemwagiwa maziwa. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo na mwenyewe akasema ni uzee, mtoto wa jicho. Alikuwa ametoka porini wiki tatu kabla. Hilo ungeweza kulisema kwa Simba kirahisi sana, ndiyo maana natamani Simba asiende kabisa Malagarasi.

Dawa ya nagana ipo kwenye maduka ya mifugo, na hapo pana hatari nyingine. Watu hununua ile ya ng'ombe na kukadiria kwa macho. Kipimo cha mbwa ni kidogo na nafasi ya kukosea ni nyembamba. Ikizidi inashambulia ubongo, mbwa anaanza kuyumba, anapata degedege, anakufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Apimwe damu, apimwe uzito kwenye mizani, achomwe na anayejua.

Chui mkimchukua, apakwe dawa ya kuzuia wadudu kabla ya safari, alale ndani ya hema, asiachiwe kamba hata dakika moja karibu na maji. Mamba wa Malagarasi anamjua mbwa anayekunywa ukingoni. Chota maji kwa ndoo, anyweshwe mbali na mto. Na nyinyi wenyewe msivae bluu wala nyeusi. Rangi hizo ndizo zinazomvuta mbung'o, hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, halafu watu huja na hema la bluu. Anauma mchana, anapenya shati jepesi. Mtu yeyote wa familia akipata homa ndani ya wiki za baadaye, akifika hospitali amwambie daktari neno moja: nilikuwa Malagarasi. Asiishie kupimwa malaria tu.

Treni ya Tabora: mbwa wabaki. Ni safari ya saa nyingi, ya vituo vingi, na mbwa mzee hawezi kubana mkojo kama zamani. Kwa shemeji nendeni nyinyi, mrudi na asali.

Kabla ya safari hata moja, chanjo. Najua kila mwaka kuna siku watu wanapanga foleni na mbwa wao kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka kuna wanaosema "wa kwangu hatoki nje." Mwaka huu wa kwako atatoka. Simba achanjwe hata kama ni mzee. Uzee si kinga. Chui naye, pamoja na ya distempa na ya pavo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mbwa damu. Paka vilevile, kwa sababu paka naye hupata kichaa. Kadi utunze pamoja na vyeti vyako vya kustaafu, utaihitaji ukienda ofisi ya mifugo kuomba kibali cha kuwahamisha. Mtu akiumwa na mbwa yeyote njiani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima ukiangalia saa, halafu hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Katika kazi yangu hakuna jambo lililoniumiza kama hilo, kwa sababu kila mara lilikuwa linazuilika.

Wa kuwaangalia mtakapokuwa Gombe na Tabora mtafuteni sasa. Kijana wa jirani anafaa kama mbwa wamemzoea. Mwiteni awalishe wiki nzima mkiwa bado mpo, mwandikieni kipimo cha chakula na namba ya daktari, mwachieni hela ya dharura, na mlipeni. Kazi ya shukrani tupu hufanywa siku mbili, ya tatu mbwa hawajala.

Sasa huku kujivuta kwa Simba. Karibu nina hakika ni viungo, nyonga au magoti, ila simtibu mbwa nisiyemshika. Nakuomba jambo moja kabla hujamleta: usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Na Panadol kwa paka ni sumu kamili, hata kidonge kimoja kinaua. Watu wazuri, wenye huruma, wamewaua wanyama wao hivyo. Unachoweza kufanya leo ni kumpunguza uzito kama amenenepa, kumtandikia gunia lenye majani au godoro kuukuu badala ya saruji, kumtembeza mara mbili fupi badala ya moja ndefu, na kuweka mkeka pale anapoteleza. Akianza kunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa hovyo, usingoje. Hizo huwa ni figo au kisukari.

Kuhusu sindano ya kumpumzisha. Wanaokushauri hivyo sidhani ni wakatili, wanaona mbwa hana kazi tena ya kulinda. Lakini mbwa kutokuwa na kazi si ugonjwa. Mimi huwaambia watu wachukue kalenda, kila jioni waweke alama: leo alikula mwenyewe, alisimama mwenyewe, alikuja kunipokea. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko nzuri, na dawa tumeshajaribu, hapo tutakaa wewe na mimi na mama watoto, na nitakuja nyumbani kwako, afe kichwa chake kikiwa juu ya paja lako. Anayeamka kwa kujivuta lakini akishaamka anatikisa mkia hajafika huko.

Kwa hiyo kumwachia mpangaji, hapana. Hilo naliandika nikiwa na deni langu mwenyewe. Nilipostaafu nilihama kutoka mtaa wa Mwanga, hapahapa Kigoma, kuja huku Ujiji. Mizigo yote siku moja, gari moja, na mbwa wangu jike, Zawadi, aliyekuwa na miaka 12, nilimpakia mwisho kabisa juu ya magodoro. Usiku wa tatu alitoweka. Tulimtafuta siku nne. Tulimkuta Mwanga, amelala mbele ya mlango wa nyumba ya zamani, nyayo zimechubuka, na mwenye nyumba mpya alikuwa akimmwagia maji aondoke. Nilirudi naye, lakini hakula vizuri tena na hakumaliza miezi miwili. Nilikuwa nimewafundisha watu utunzaji wa mbwa miaka mingi, na sikukumbuka kwamba mbwa anayejua nyumba kwa harufu na kwa masikio, macho yakiwa yamechoka, ukimwondolea nyumba unamwondolea kila kitu.

Nyinyi mna bahati, mna mwaka mzima. Simba na Chui waende Heru Juu Pasaka, walale siku tatu. Waende tena Juni, wiki nzima. Kila safari wabebe matandiko yaleyale, yasiyofuliwa, yenye harufu ya Gungu, na bakuli zilezile. Desemba mkihama, wao wasiwe wa mwisho kupakiwa. Mmoja wenu atangulie nao siku mbili kabla ya mizigo. Wiki tatu za kwanza watembee kwa kamba. Kasulu kuna baridi kuliko huku ziwani, na viungo vya mzee vitaisikia, basi alale ndani. Chui ahasiwe kabla ya kuhama, la sivyo atafuata majike hadi vijiji vya mbali, atapigana na mbwa wa wawindaji, au atakula sumu iliyotegwa kwa ajili ya wanyama wanaoiba kuku.

Paka ni rahisi zaidi: chumba kimoja, mlango umefungwa, wiki tatu, chakula na mchanga humohumo, kisha umfungulie jioni akiwa na njaa ili arudi kula. Ukimfungulia mapema ataondoka na hutamwona.

Na hela. Habari za kikokotoo cha mafao ziulize mfuko wako wa pensheni, si fani yangu, lakini kwa mifugo nimeona hivi: watu hununua mbwa wapya kwa mkupuo, kisha pensheni ya mwezi ikianza inashindwa kuwalisha. Mwaka huu usiongeze mbwa. Andika chakula, dawa ya kupe, dawa ya minyoo na chanjo kwenye bajeti ya mwezi ya baada ya Desemba, uone kama inakaa. Na weka pembeni chakula cha miezi mitatu, kwa ajili ya kipindi kile cha mwanzo ambapo malipo hayajatulia.

Jambo dogo la mwisho, nimelionea wastaafu wengi. Ukianza kushinda nyumbani, kila ukila kipande cha samaki, mgebuka wetu, utamtupia Simba kichwa. Chakula chake cha siku kipime asubuhi, na hicho kichwa kiwe ndani ya hesabu.

Mlete Simba Jumanne asubuhi kabla jua halijawa kali. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini mkifika, mbwa mwenye maumivu huuma hata anaowapenda. Kama amejisaidia asubuhi hiyo, njoo na choo chake kwenye kichupa, na uje na yule kijana wako wa kidato cha nne. Nitamwonyesha namna ya kumnyoosha mguu asiumie.